Hodi Tatu kwenye Rangi ya Kijivu

Scolastica hakuona. Hilo ndilo la kukiri kwanza, kwa sababu kila aliyeisikia habari hii baadaye alitafuta mkosaji mwingine: mtandao, umbali, ukaidi wa wazee, hata ng'ombe. Hodi ilipigwa mara tatu nyumbani kwao, mwezi wa pili, mwezi wa tatu na mwezi wa nne, na mara zote tatu ilipigwa mbele ya macho yake, kwenye kioo cha kompyuta aliyoifungua kila asubuhi saa mbili kasorobo. Hakuona, ingawa katika miezi hiyo hiyo hapakuwa na mtu Ifakara nzima aliyekuwa akiingoja hodi ile kama yeye.

Kazi yake ilikuwa ya ukatibu muhtasi katika umoja wa wakulima wa mpunga, ofisi ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kukoboa, mahali ambapo vumbi la pumba hutua juu ya karatasi kabla wino haujakauka. Zamani ilikuwa kazi ya barua na mihuri. Sasa ilikuwa ya simu. Umoja ulikuwa na namba moja ya wanachama na nyingine ya wanunuzi wa mchele wa Morogoro na Dar es Salaam. Kwaya ya parokia, ambayo Scolastica alikuwa katibu wake, ilikuwa na namba yake. Yeye mwenyewe alikuwa na ya kwake. Ya tano ilikuwa ya baba yake, Mwalimu Anselim, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa umoja, ambaye tangu afiwe na mkewe hakuwa na mtu mwingine nyumbani isipokuwa binti huyu mmoja.

Mwalimu, kama wakulima wengi wa bonde la Kilombero, alihama kila msimu. Mvua zikianza alivuka mto akaenda kuishi shambani, kwenye dungu lililoinuliwa juu ya miti, apande, apalilie, aamie ndege, avune, wala asirudi mjini hadi gunia la mwisho limeshonwa. Huko simu kubwa haina kazi. Umeme hakuna, na mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa shida; kwa hiyo alibeba simu ndogo ya vitufe. Kila Jumapili alasiri Mwalimu alipanda kichuguu hicho akampigia binti yake. Simu kubwa aliiacha nyumbani kwenye chaji, na maagizo yake yalikuwa mafupi: “Wa umoja wajibu. Wengine waambie nipo shamba.”

Namba tano zilikuwa zikimchosha Scolastica, mpaka fundi mmoja wa kompyuta alipomwekea programu inayozikusanya zote katika dirisha moja. Jina lake la kigeni lilimshinda kila mtu pale ofisini, kwa hiyo Brigita, mtunza ghala, akaibatiza. “Hii ni Ungo,” alisema. “Unamwaga vyote humo, unapepeta.” Kila akaunti ilipewa rangi yake: ya wanachama kijani, ya wanunuzi bluu, ya kwaya zambarau, ya Scolastica njano, ya Mwalimu kijivu. Na juu ya kila rangi palikuwa na kitufe. Ukikibonyeza mara moja, jumbe zote za rangi hiyo huhesabiwa kuwa zimesomwa, hata kama jicho halijagusa hata neno.

Rangi ya kijivu ndiyo iliyokuwa na takataka nyingi kuliko zote. Kundi la walimu wastaafu lilitumiana maua, sala, na picha za vikombe vya chai inayofuka. Wauza dawa za magugu walibisha hodi humo, wagombea wa uongozi nao walibisha hodi humo, na wote walianza kwa heshima ile ile, kwa kuwa namba ya mwenyekiti wa umoja ilikuwa ikipita mkono hadi mkono. Ungo ulionyesha maneno matatu tu ya mwanzo ya kila ujumbe. Scolastica aliangalia majina ya wana umoja, akawajibu, kisha kila Jumatatu na Ijumaa akabonyeza kitufe, rangi ya kijivu ikawa safi. Aliliona jambo hilo kuwa sawa na kufagia uwanja.

Sasa yule aliyekuwa akingojwa.

Makoye alikuwa afisa mifugo. Wazazi wake waliingia bondeni na ng'ombe kutoka Usukumani yeye akiwa darasa la tatu, na tangu hapo alizoea kuwa mtu wa katikati: wakulima walimwona wa wafugaji, wafugaji wakamwona wa serikali. Alifika ofisi ya umoja mara ya kwanza kwa ajili ya kikao cha njia za mifugo, kisha akaendelea kufika hata pasipokuwa na kikao.

“Daktari,” Brigita alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni na daftari la ghala kwapani, “ng'ombe wenu walishakula majaruba yetu ya mpunga. Wewe hapa umekuja kula nini?”

“Nimekuja kusalimia tu, dada.”

“Hii ni salamu ya nne wiki hii. Hata ugonjwa wa miguu na midomo hauji mara nyingi hivyo.”

Makoye alicheka kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuwashtua wanyama, akavuta kiti kando ya meza ya Scolastica. Alikuwa na tabia ya kuuliza mambo ya watu kama alivyouliza habari za ndama: taratibu, akisikiliza jibu hadi mwisho. Siku hiyo aliuliza habari za Ungo. Scolastica alimwonyesha rangi moja baada ya nyingine.

“Na mimi nikikuandikia naingia wapi?”

“Kwenye njano. Hapo juu kabisa.”

“Juu kabisa? Mimi?”

“Ni kwa sababu uliandika jana,” alisema Scolastica, akatazama kibodi. “Unapanga kwa aliyeandika karibuni. Usijivune.”

“Na hii ya mzee, anaifungua nani akiwa ng'ambo?”

“Zote nazifungua mimi. Saa mbili kasorobo, kabla ya chai.” Alilisema hilo kwa fahari kidogo, fahari ya mtu anayejua kwamba nyumba haina kona asiyoifagia.

Mwisho wa Novemba Makoye alihamishiwa Mlimba. Alikuja kuaga siku ambayo mashine ilikuwa ikikoboa, wakalazimika kutoka na kusimama upande wa pili wa ukuta ili wasikilizane. Alikuwa amevaa shati la kazi lenye kalamu mbili mfukoni, na alisema maneno yake kama aliyeyapanga njiani.

“Scola, kwenu wanasema sisi watu wa ng'ombe hatupigi hodi, tunaingia tu. Nataka Mwalimu aone kwamba tunajua kupiga hodi. Kuna mzee wangu kule Mlimba, nitamtuma msimu huu huu. Na kuanzia leo mpaka ajibiwe, mimi sitakuandikia, na wewe usiniandikie. Isije ikasemwa tulikwisha kupatana mlango wa nyuma, baba akaitwa kuja kugonga muhuri.”

“Akijibiwa mwezi wa sita?”

“Nitangoja mwezi wa sita.”

“Haya,” alisema Scolastica. “Na mimi nitangoja.”

Makoye alimpa mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko desturi, akaenda zake.

Kilichofuata ni jambo ambalo Scolastica alilitafakari sana baadaye, akiwa na utulivu wa kulitafakari. Yeye na Makoye walikubaliana juu ya kungoja, lakini hawakukubaliana juu ya mlango. Katika fikra zake mshenga alikuwa mtu wa miguu: mzee mwenye kofia na fimbo, atakayeonekana kwanza kwenye kona ya barabara, atakayevua viatu. Kwa hiyo alitazama barabara. Jumamosi alifagia uwanja mara mbili. Alinunua vikombe sita visivyo na ufa. Na kwa kuwa moyo haufuati maagano yote, alitazama pia rangi ya njano.

Mwezi wa kwanza jina la Makoye lilikuwa bado karibu na juu. Picha yake ilikuwa paji la uso la ndama wa kahawia, lenye doa jeupe, na kila asubuhi Scolastica alilipitia kwa jicho kama mtu anavyopita mbele ya nyumba anayoifahamu. Kisha wengine waliandika: shangazi, fundi cherehani, mwanakwaya aliyeomba ruhusa ya kukosa mazoezi. Kila aliyeandika alimsukuma Makoye chini ngazi moja. Kufikia Kwaresima alikuwa nje ya kioo, na Scolastica alilazimika kuteremka kumtafuta. Aliteremka. Mara nyingine aliandika maneno mawili, “Habari za”, akayafuta kabla hayajawa salamu, kwa kuwa ahadi ya kunyamaza ilikuwa yake pia.

Jumapili, simu ilipolia kutoka juu ya kichuguu, alisikiliza habari za mpunga na za ndege kwelea, kisha baba yake akauliza kama kawaida, “Huko nyumbani kuna mgeni?”

“Hakuna mgeni, baba.”

“Haya. Mungu ni mwema.”

Mara tatu katika majibu hayo Scolastica alisema uongo bila kujua.

Mwezi wa tano, siku moja ya Jumanne, picha ya ndama haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na picha ya mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana, mawe ya kwao Ziwani, ambayo bonde la Kilombero halina. Brigita alimkuta akiitazama, chai yake imeota utando juu.

“Mwandikie,” alisema Brigita. Safari hii hakuwa akitania.

“Aliniambia ningoje.”

“Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwenzangu.”

“Najua.”

“Unajua, na bado unangoja. Wewe na baba yako mngefaa kuwa mawe ya mpaka.” Alikichukua kile kikombe. “Nakuletea nyingine. Hii hata Msukuma wako asingeinywa.”

Scolastica alicheka, kwa sababu Brigita alikuwa amekusudia acheke. Kisha, kwa kuwa ilikuwa ni zamu ya kijani, akaanza kuwajibu wanachama waliouliza habari za magunia.

Mwalimu Anselim alirudi mjini katikati ya Juni, siku ya Jumamosi. Alioga, akala, akalala saa nzima, kisha akaketi barazani akavaa miwani na kuchukua simu yake kubwa. Alikuwa na desturi ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na minane: alianza na ujumbe wa zamani kuliko wote, akapanda juu bila kuruka hata mmoja. Yalipita maua. Zilipita sala. Scolastica alikuwa akichambua mchele kando yake, na alikuwa amezoea ile pumzi fupi ya puani ambayo baba yake alitoa kila alipokutana na kosa la mwalimu mwenzake.

Pumzi zilikoma.

“Scola.”

“Abee, baba.”

“Huyu Masanja wa Mlimba ulimjibu nini?”

Scolastica aliinua kichwa. “Masanja yupi?”

Mwalimu alisogeza miwani, akasoma kwa sauti, taratibu, kama imla. “‘Hodi nyumbani kwa Mwalimu Anselim. Mimi ni Masanja, niko Mlimba. Nina neno la nyumba, linataka kukaa chini. Mvua imekata barabara, ndiyo maana natanguliza hodi kwa simu.’ Hiyo ni tarehe kumi na nne mwezi wa pili. Halafu mwezi wa tatu: ‘Hodi tena, Mwalimu. Ni Masanja wa Mlimba. Ukisema karibu, nitapanda treni.’” Akasogeza kidole hadi ule wa mwisho. “Wiki moja baada ya Pasaka. ‘Hodi ya tatu. Kama mlango haufunguki, hatuna lawama. Mbaki salama.’”

Mikono ya Scolastica ilibaki ndani ya mchele.

“Hapa zote zinaonyesha zimesomwa,” alisema Mwalimu. “Mimi nilikuwa ng'ambo. Nani alizisoma?”

“Hakuna aliyezisoma, baba.”

“Zimesomwa.”

“Nilibonyeza. Kuna kitufe. Ukibonyeza zinahesabiwa zote.” Alichomoa mikono kwenye mchele. “Kwa aliyetuma zinatokea alama mbili za bluu. Anajua umeona.”

Mwalimu hakupandisha sauti, hakuwahi kuipandisha. Alivua miwani akaikunja. “Nilifanya kazi na mwalimu mmoja,” alisema, “aliyekuwa anatia vema daftari zima la mahudhurio kwanza, ndipo anainua kichwa kuangalia nani hayupo. Mwaka mmoja alimtia vema mtoto aliyekwisha kufa.” Akatazama uwanja. “Ni neno gani, hilo la nyumba?”

Ndipo Scolastica alipomwambia. Alimwambia habari za Makoye tangu kikao cha njia za mifugo hadi ukuta wa mashine, na kila sentensi ilikuwa nzito kuliko iliyoitangulia, kwa kuwa mbele yake palikuwa na baba aliyepigiwa hodi mara tatu bila kujua. Alipomaliza akaomba ruhusa ya kuandika sasa hivi, kumwandikia Masanja, kumwandikia Makoye mwenyewe.

“Hapana,” alisema Mwalimu. “Hodi ya mwenzio ukiinyamazia mara tatu, huwezi kumwitikia ukiwa umeketi kwako. Unainuka, unakwenda kwake.”

“Utakwenda na nani?”

“Na wewe. Ingekuwa kujibu posa, ningekwenda na shangazi yako, wewe ukabaki. Lakini tunakwenda kuomba radhi, na aliyekosea huenda na miguu yake.”

Walipanda treni kuelekea Mlimba. Mwalimu aliketi dirishani na mfuko wa mchele mpya magotini, mchele wa jaruba lake mwenyewe, akataja majina ya vituo kabla havijafika. Upande wa kulia milima ilikuwa imevaa msitu hadi kileleni. Upande wa kushoto mashamba yaliyovunwa yalikuwa na rangi ya ngozi ya simba. Scolastica aliyatazama bila kuyaona. Alikuwa akihesabu. Hodi ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Alikumbuka kwamba Ijumaa ile kulikuwa na mkutano wa bei, akabonyeza mapema. Ya pili ilikuwa Jumatatu. Kwa hesabu yake, kidole chake kilikuwa juu ya neno lile kwa muda usiofika kupepesa jicho, na tarehe zote tatu, mara baada ya kubonyeza, alikuwa ameteremka kwenye njano kumtafuta aliyelituma.

Bado alikuwa na tumaini. Ni haki kulisema. Mawe katika picha ni mawe tu, alijiambia; mtu anaweza kwenda likizo kwao.

Mji wa Mzee Masanja ulikuwa nje kidogo ya Mlimba, umezungushiwa ua wa miiba, na zizi lake lilikuwa tupu saa hiyo kwa kuwa mifugo ilikuwa malishoni. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kivulini akisuka kamba, nao walimwona waziwazi, naye aliwaona. Hata hivyo Mwalimu Anselim alisimama kwenye uwazi wa ua, akavua kofia.

“Hodi.”

“Karibu,” alijibu Masanja papo hapo. “Mimi sina tiki za bluu.”

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaipokea ile kama mtu anayepokea mzigo wake. Kisha akasema, kwa matamshi ya mtu aliyejifunza neno hilo la salamu la Kisukuma sokoni, “Mwadila.”

Masanja aliweka kamba chini. “Mwadila, Mwalimu. Hee. Kumbe unalo.”

“Shikamoo, baba,” alisema Scolastica, akapiga goti kidogo.

“Marahaba, mwanangu.” Alimtazama kwa makini, bila ukali. “Wewe ndiye Scola.”

Waliletewa viti na maziwa ya mgando. Mwalimu alieleza yote bila kusita: dungu, kichuguu, simu iliyobaki mezani, kitufe. Hakumtupia binti lawama wala hakumficha. Masanja alisikiliza akisugua goti lake.

“Kwa nini hukupiga tu simu, mzee mwenzangu?” aliuliza Mwalimu mwishoni, kwa upole.

“Mtu ukipiga hodi, mwenye nyumba akachungulia akakuona, kisha akarudi kuketi, utaupiga mlango teke? Hayo ndiyo tunayosemwa kwamba tunafanya. Kijana alinikataza. Alisema, ‘Baba mkubwa, hodi tatu, basi.’”

“Yuko wapi?”

Masanja aliokota tena kamba yake. “Maswa. Aliomba uhamisho baada ya ile ya tatu. Baba zake wadogo wakapiga hodi kwenye nyumba nyingine huko huko, nayo ikafunguliwa.” Akamgeukia Scolastica, kwa kuwa aliona ni haki yake kuambiwa ana kwa ana. “Ng'ombe wa mahari wamevuka tangu mwisho wa mwezi wa tano, mwanangu. Na ng'ombe wakishavuka, sisi hatuwarudishi.”

Mtoto wa mbuzi alilia nyuma ya nyumba. Scolastica alikishika kibuyu cha maziwa kwa mikono yote miwili.

“Baba, alisema nini, baada ya ile ya tatu?”

“Unataka kujua hilo?”

“Ndiyo.”

“Alisema, ‘Ameona.’ Nikamwambia, labda mzee hajapata simu. Akasema, ‘Si mzee. Ni yeye anayeifungua, kila asubuhi kabla ya chai, aliniambia mwenyewe. Angetaka, angemwambia baba yake Jumapili.’ Kisha akaniuliza kama ndama wamekwisha kunywa.”

Hapo ndipo Scolastica alipoelewa uzito wote wa jambo. Muda wote alidhani kwamba ni mlango wa baba yake uliobaki kimya, na kwamba Makoye, popote alipo, alimlaumu mzee, au desturi, au ule uhasama wa zamani wa jembe na fimbo. Kumbe Makoye hakumlaumu mzee. Alama zile mbili za bluu alizisoma kama uso wa Scolastica mwenyewe ukimtazama mara tatu na kugeuka.

“Sikuona, baba,” alisema. “Niliingoja kila siku, na sikuona.”

“Nimekuamini,” alisema Masanja. “Sasa sikiliza. Mimi nazungumza naye Jumapili. Nikimwambia hivi ulivyoniambia, atajua ukweli. Lakini kuna binti wa watu ameshaingia pale, hana kosa lolote, na ukweli huo utakuwa mwiba ndani ya nyumba yake. Mwalimu ameomba radhi, nimepokea, hilo limekwisha. Hili jingine ni lako. Useme wewe.”

Mwalimu Anselim alitazama chini. Huenda yeye, angeulizwa, angekuwa na jibu. Lakini hakuulizwa.

Scolastica alifikiri juu ya Maswa, mahali asipopajua. Alimfikiria mwanamke asiyemjua jina akiteka maji, na Makoye akiuliza habari za kila kitu taratibu, akisikiliza jibu hadi mwisho. Alitamani kwa nguvu, kwa mwili wote, Makoye ajue. Ilikuwa ni sentensi moja tu. Ingefika kwa kufumba na kufumbua, nayo ingesomwa.

“Mwambie kwamba Mwalimu alikuwa ng'ambo ya mto,” alisema hatimaye, “na kwamba amekuja hadi hapa, akapiga hodi, akaomba radhi. Asije akafikiri baba yangu aliwadharau.”

“Na wewe?”

“Mimi usinitaje.”

Masanja alimtazama baba mtu, kisha akamtazama tena binti. “Basi atabaki akijua kwamba ni wewe uliyekataa.”

“Ndiyo, baba.”

“Haya,” alisema mzee. Alisimama, akaenda ndani, akarudi na kuku mtetea amefungwa miguu, akampa Scolastica mwenyewe mkononi, si Mwalimu. Hakusema ni wa nini.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu hakutaja majina ya vituo. Walipokaribia Ifakara alisema, akitazama nje, “Ningemkaribisha, Scola. Hodi ya kwanza.”

“Najua, baba.”

Jumatatu Scolastica aliitoa rangi ya kijivu kwenye kompyuta ya ofisi. Brigita aliuliza mara moja, akajibiwa, na hakutania tena juu ya jambo hilo. Msimu uliofuata Mwalimu Anselim alivuka mto na simu yake kubwa pamoja na paneli ndogo ya sola, na Jumapili hupanda kichuguu akasoma mwenyewe jumbe zake, maua na sala zikiwemo, na kumjibu kila mtu. Akaunti kwenye Ungo zimebaki nne. Kitufe cha kuzisoma zote kwa pamoja hakibonyezwi. Scolastica hufungua kila ujumbe peke yake, na kwa sababu hiyo hutoka kazini saa kumi na moja na nusu, si saa kumi kama zamani.